Gandhi na bomu la nyuklia: sheria za gemu ambazo hazikuandikwa popote

Bumu limechelewa tena, mvua haikatiki, na test ya Historia inanukia. Nilisema nitakaa kimya mpaka msuli uishe, lakini kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima na nisipoliandika sitalala. Leo nawaletea historia, ila siyo ile ya kwenye madesa. Ni historia ya magemu ya kompyuta. Najua wapo watakaoguna kwamba mwalimu mtarajiwa anapoteza muda. Fikeni chini kwanza, halafu tubishane.

Magemu ninayoyasema siyo ya mpira wala ya kurushiana ngumi. Nasema yale ya kupanga: unapewa kipande cha ardhi, wakulima wawili watatu na askari mwenye mkuki, halafu unaambiwa haya, jenga himaya. Kila gemu la namna hiyo lina sheria. Nyingine zimo kwenye kitabu cha maelekezo, nyingine zinaonekana kwenye skrini. Na zipo za aina ya tatu, ambazo hakuna aliyemwandikia mchezaji. Watu wamezijua kwa kucheza, kulinganisha na kubishana usiku kucha.

Sisi wa huku hatushangai sana. Nani kati yenu alijifunza bao kwa kusoma kitabu? Unakaa barazani, unawaangalia wazee wananamua, siku ukiruhusiwa kushika kete unakosea, unachekwa, na baada ya miezi unajikuta unajua kwa nini fulani hajaigusa nyumba yake. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Bao halina mtu mmoja aliyelitunga ambaye tunaweza kwenda kumwuliza. Gemu la kompyuta linaye. Kila sheria iliyomo, hata ya siri, kuna mtu alikaa kwenye kiti akaiandika, na bado imo ndani ya programu. Kwa hiyo mtu akidai "gemu hili lina sheria ya siri", dai lake lina pa kupimwa. Sisi wanafunzi wa historia ni mara ngapi tunapata bahati hiyo? Karibu kamwe.

Sasa nianze na hadithi yenyewe. Wengi mmeshaisikia, maana hapa hosteli inasimuliwa kama Injili.

Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iitwayo MicroProse ilitoa gemu liitwalo Civilization. Waliolitengeneza ni Sid Meier akisaidiana na Bruce Shelley. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo na kijiji kimoja, unaishia na roketi za kwenda anga za juu kama hujafutwa njiani. Wapinzani wako wanaongozwa na kompyuta, na kila mmoja ana jina la mtu wa kweli: Kaisari, Napoleon, Stalin, Mao, Shaka wa Wazulu (ndiyo, huyo huyo wa Mfecane), na kwa upande wa India, Mahatma Gandhi.

Hadithi inasema hivi. Ndani ya programu kila kiongozi alipewa namba ya ukali. Wakorofi walipewa kubwa, na Gandhi, kwa kuwa ni mtu wa amani, akapewa 1, ndogo kuliko wote. Kuna sheria nyingine kwamba nchi ikichukua mfumo wa demokrasia, ukali wa kiongozi wake unapungua kwa 2. Sasa India ikifika kwenye demokrasia, 1 kutoa 2 ni hasi 1. Lakini namba ile ilihifadhiwa kwenye baiti moja isiyojua hasi, inayokwenda kutoka 0 hadi 255 tu. Ukirudi nyuma ya sifuri unatokea upande wa pili. Kwa hiyo ukali wa Gandhi ukaruka hadi 255, na yule mzee wa amani akaanza kuwamwagia majirani mabomu ya nyuklia.

Wasiosoma kompyuta msiogope, ile habari ya baiti ni rahisi. Fikirieni ile saa ya kilometa kwenye dashibodi ya gari kuukuu, yenye tarakimu tano. Ikifika 99999, kilometa inayofuata inasoma 00000. Na kama mjanja akiirudisha nyuma akapitiliza sifuri, inasoma 99999. Gari halijatembea popote, ila saa imezunguka. Baiti moja nayo iko hivyo, isipokuwa mwisho wake ni 255.

Hadithi tamu, siyo? Ina mtakatifu anayegeuka shetani, ina kosa dogo la hesabu lenye matokeo makubwa, na inasimulika kwa dakika moja. Ina kila kitu isipokuwa chanzo.

Kabla sijamrudia Gandhi, nataka niwaonyeshe sheria za siri ambazo ni za kweli kabisa, ili muone zinavyofanana zikiwa na ushahidi.

Ya kwanza inatoka kwenye StarCraft, gemu la Blizzard lililotoka mwaka 1998. Kule Korea Kusini lilikuwa mchezo wa kulipwa, na mechi zake zikaonyeshwa kwenye televisheni kama ligi kuu. Wachezaji waligundua kitu cha ajabu. Kwa kawaida askari wawili hawawezi kupita mmoja juu ya mwingine. Wakikutana wanagongana, mmoja anazunguka. Lakini mfanyakazi ukimwamuru aende kuchimba madini, anateleza katikati ya wenzake na hata katikati ya maadui kama upepo. Watu wakaanza kuitumia. Mpinzani ameziba lango kwa askari? Unabofya madini yaliyoko upande wa pili, mfanyakazi wako anapenya kwenda kupeleleza. Mchezaji anayeijua na asiyeijua hawachezi gemu moja.

Kwa nini iko hivyo? Mwaka 2013 Patrick Wyatt, mmoja wa waandishi wa programu ile, alieleza hadharani. Wakati wanalitengeneza, wafanyakazi walikuwa wanasongamana kwenye njia ya madini. Wakienda wanakutana na wanaorudi, wanazibana, uchumi wa mchezaji unakwama. Ilikuwa kama Kariakoo siku moja kabla ya Idi. Muda wa kutengeneza akili ya kukwepana vizuri haukuwepo. Basi wakaamua njia ya mkato: mfanyakazi anayekwenda kuchukua madini au anayerudi nayo asihesabu mgongano kabisa. Foleni ikaisha. Na ile njia ya mkato ya mtu aliyechoka ikawa silaha ya mabingwa.

Angalieni ushahidi ulivyokaa. Kwanza, kitendo chenyewe unaweza kukijaribu leo kwenye laptop yako. Pili, shahidi alikuwemo chumbani na kazi ilikuwa yake. Tatu, maelezo yake yanaeleza kila kinachoonekana, bila kubaki na kipande kisichoingia. Hapo mwanahistoria analala usingizi.

Ya pili ni ya kufichwa kwa makusudi. Kuna mfululizo wa magemu ya Kijapani uitwao Fire Emblem. Unaongoza kikosi, na kabla ya kumshambulia adui skrini inakuambia uwezekano wa kumpata: asilimia 90, 75, 10 na kadhalika. Gemu lililotoka Japani mwaka 2002 lilibadilisha hesabu bila kumwambia mchezaji. Zamani programu ilikuwa inachagua namba moja kutoka 0 hadi 99, na ikiwa ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye skrini, umepiga. Kuanzia hapo ikawa inachagua namba mbili na kutumia wastani wake.

Wenzangu wa Hisabati wameshatabasamu. Chukua dete mbili uzirushe. Kupata jumla ya 7 kuna njia 6 kati ya 36, lakini kupata 12 kuna njia 1 tu. Ukichanganya namba mbili, matokeo yanakimbilia katikati na miisho inakuwa adimu. Niliikokotoa kwa kalamu juzi, hesabu yake ni ya kidato cha sita tu: penye 90 kwenye skrini, uwezekano wa kweli ni asilimia 98.1. Penye 75 ni 87.75. Penye 50 ni 50.5, karibu ile ile. Na penye 10 ni 2.1 tu.

Kwa hiyo skrini ilikuwa inadanganya pande zote mbili. Kubwa zilikuwa kubwa zaidi, ndogo zilikuwa ndogo zaidi. Na sheria ni ile ile kwako na kwa adui. Lakini kwa kuwa kwa kawaida vijana wako ndio wenye asilimia kubwa, na adui ndiye anayebahatisha, faida inaangukia kwako. Unacheza usiku mzima ukijiona una akili, kumbe umebebwa.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Jibu zuri kuliko yote niliyosoma limetoka kwa Sid Meier mwenyewe. Machi 2010, kwenye mkutano wa watengenezaji magemu huko San Francisco, alisimulia walivyolijaribu gemu lao la mwaka 2008, Civilization Revolution. Vita vilionyeshwa kwa uwiano, mfano 3 kwa 1. Hesabu inasema mwenye 3 atashindwa mara moja katika kila nne. Wachezaji wakishindwa mara hiyo moja walilalamika kwamba gemu ni bovu, "nilikuwa na tatu, yeye moja!" Lakini hao hao wakiwa na 1 dhidi ya 3 na wakashinda, hakuna aliyelalamika. Ikawa ushujaa. Kichekesho zaidi, mtu aliyekubali kushindwa kwa 2 dhidi ya 1 alikasirika akishindwa kwa 20 dhidi ya 10, eti ishirini ni wengi sana! Watengenezaji wakaishia kuzirekebisha hesabu zifuate moyo wa binadamu badala ya kitabu. Mtu akishashindwa pambano moja, hata matokeo ya pambano lile yakaanza kuhesabiwa kwenye linalofuata, asipigwe mara mbili mfululizo.

Nilipoisoma hiyo nilicheka, halafu nikawaza darasa. Ni mara ngapi mwanafunzi anasema mtihani ulikuwa wa haki kwa sababu amefaulu, na wa kuonea kwa sababu amekula supu? Lakini hiyo niiache, ina makala yake.

Haya, sasa turudi kwa Gandhi. Dai tumelisikia. Tulipeleke mahakamani.

Swali la kwanza ambalo kila mwalimu wa mbinu za historia anatuchosha nalo: nani alisema kwanza, na lini? Gemu ni la 1991. Ungetegemea watu wa miaka ya 90 wawe wameijaza dunia kwa habari ya ile 255. Lakini maandishi ya mwanzo yanayojulikana ya dai hilo ni ya mwaka 2012, yaliyoongezwa kwenye ukurasa wa intaneti ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri, bila kutaja chanzo. Miaka 21 baada ya tukio! Mwaka 2014 ikavuma, ikaingia kwenye habari za magemu na picha za vichekesho, na kila aliyeandika akamnakili aliyemtangulia. Hapa wenye madesa mnanielewa. Notsi zikinakiliwa na watu ishirini kutoka daftari moja, hatuna madaftari ishirini. Tunalo moja, na kama mwenye daftari alisinzia lekcha, wote ishirini wamesinzia.

Swali la pili: walikuwemo akina nani, na wanasemaje? Mwaka 2020 Sid Meier alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, Sid Meier's Memoir!, na humo akaikana hadithi nzima. Brian Reynolds, aliyekuwa mbunifu mkuu wa Civilization II ya mwaka 1996, naye alikumbuka kwamba gemu la kwanza lilikuwa na viwango vitatu tu vya ukali, siyo ngazi ndefu ya namba. Gandhi alikuwa kwenye kiwango cha chini pamoja na walau theluthi ya viongozi wengine. Kwa hiyo kama Gandhi angepata wazimu kwa hesabu hiyo, wangepata wazimu wengi, siyo yeye peke yake.

Mtu wa kubisha atasema: kumbukumbu ya mzee baada ya miaka 29 nayo ni masimulizi, tena ana jina la kulinda. Ni hoja nzuri, na ndiyo maana Meier hakuishia kwenye kumbukumbu. Lugha waliyotumia kuandika programu ni C, na katika C namba nzima ya kawaida inakubali hasi, isipokuwa mwandishi atamke vinginevyo. 1 kutoa 2 ni hasi 1, basi, hakuna saa ya kuzunguka. Na zaidi ya hapo, mfumo wa serikali haukuwa unagusa ukali wa kiongozi hata kidogo. Ile sheria ya "demokrasia inapunguza 2", ambayo hadithi nzima imesimama juu yake, haikuwemo.

Kwa nini basi watu wakongwe wanaapa kwamba waliona Gandhi akitishia kwa nyuklia? Kwa sababu waliona! Kwenye gemu lile kiongozi yeyote aliyepata silaha za nyuklia aliweza kukutishia nazo, na akiwa vitani aliweza kuzitumia. Stalin akikutishia unasema sawa, ndiyo zake. Napoleon akikutishia unasahau kesho yake. Gandhi akikutishia unamwamsha mwenzako alolala akaone. Kumbukumbu haihifadhi vyote sawa, inahifadhi kilichoshangaza.

Sasa njooni kwenye sehemu iliyonifanya niandike yote haya. Mwaka 2010 ilitoka Civilization V, na mbunifu wake mkuu alikuwa Jon Shafer. Ndani yake kila kiongozi ana namba nyingi za tabia, za vita, za ujenzi, za dini na kadhalika, na kwa kawaida mwisho wake ni 10. Mchezo ukianza kila namba inatikiswa kidogo, kupanda au kushuka hadi 2, ili kiongozi asiwe yule yule kila siku. Namba ya Gandhi ya kupenda silaha za nyuklia iliandikwa 12. Siyo kosa la programu. Ni utani wa mbunifu, kakaa akaandika 12 akijua. Piga hesabu: hata ikishuka 2, inabaki 10. Yaani Gandhi wa 2010, siku yake ya upole kabisa, anapenda bomu kwa kiwango cha juu kuliko vyote.

Mmeona mpangilio wa miaka? Utani ni wa 2010. Hadithi ya 255 imeandikwa 2012. Watu waliona Gandhi wa 2010 akirusha mabomu, wakajiuliza "hii imetoka wapi?", na hadithi ikatengenezwa kujibu swali, ikapelekwa nyuma hadi 1991 ili ionekane ya kale. Sababu ilizaliwa baada ya matokeo.

Na hiyo ndugu zangu siyo ya magemu tu. Nendeni Bagamoyo mkaulize jina limetoka wapi. Mmoja atakuambia ni "bwaga moyo", watumwa walipofika pwani walikata tamaa. Mwingine atakuambia hapana, ni wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu, walipoiona bahari wakaitua mizigo na mioyo ikapumzika. Jina ni moja, hadithi mbili zinazokwenda njia tofauti kabisa, na kila mwenye kusimulia ana uhakika. Sisemi zote ni uongo. Nasema jina linaweza kukaa muda mrefu, halafu kila kizazi kikalitafutia maelezo yanayowagusa wao. Ukiwa na jina tu mkononi bila kujua nani alisema kwanza na lini, umeshika swali, hujashika jibu.

Jambo la mwisho kuhusu Gandhi wa kweli, maana kwenye mabishano haya watu wanamchanganya. Mohandas Gandhi aliuawa Januari 30, 1948. Aliishi Afrika Kusini kuanzia 1893 hadi 1914, na baada ya Hiroshima aliandika waziwazi kulipinga bomu la atomu. India ilijaribu bomu lake la kwanza Mei 18, 1974, miaka 26 baada ya kifo chake, na waziri mkuu wakati huo alikuwa Indira Gandhi. Indira hakuwa mtoto wala mjukuu wa Mahatma. Baba yake ni Nehru, na jina la Gandhi alilipata kwa mumewe, Feroze. Kwa hiyo kama unataka Gandhi mwenye bomu, historia inaye, na hahitaji baiti wala 255.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la gemu? Kwa sababu lina uamuzi ndani yake. Kikundi chetu cha semina tuna presentation wiki ijayo, namna ya kufundisha kidato cha kwanza somo la vyanzo vya historia. Mwenzetu mmoja anayechanganya na kompyuta akaleta hadithi ya Gandhi na 255 kama kivutio cha kufungulia kipindi. Nilipoeleza haya yote, kikundi kikagawanyika. Upande mmoja unasema: "Acha iende, watoto wataikumbuka. Hata kama haikutokea, inafundisha baiti vizuri." Na kweli inafundisha vizuri, sibishi. Imekaa kichwani mwangu kuliko notsi zote za mwaka wa kwanza.

Jibu langu ni hili. Sisi tutakwenda TP, na baadaye tutapangiwa shule, nyingi ziko mbali na mji. Mtoto wa kule hana pa kwenda kuhakikisha. Hana maktaba ya kueleweka, bando ni la kubahatisha, na akirudi nyumbani akimwuliza mama, mama atasema "mwalimu kasema". Kwa mtoto yule chanzo ni mimi. Nikimpa uongo mtamu nikijua, nimetumia imani yake vibaya, na tena kwenye kipindi cha kumfundisha asiamini kila anachoambiwa! Haiingii akilini.

Na haja ya uongo yenyewe haipo. Unataka mfano wa namba kuzunguka kwenye baiti? Uko wa kweli. Pac-Man, gemu la mashine la mwaka 1980, lilihesabu hatua zake kwa baiti moja. Mchezaji hodari akifika hatua ya 256, hesabu inavurugika na nusu ya kulia ya skrini inajaa takataka za herufi na rangi, hakuna wa kuivuka kwa kucheza kawaida. Huu hauna mtakatifu wala bomu, lakini umeonwa, umepigwa picha, na ukiweza kufika unaweza kuujaribu mwenyewe.

Nimependekeza hadithi ya Gandhi tuibakize, ila tuigeuze kazi. Dakika tano za kwanza tunaisimulia kama inavyosimuliwa. Kisha tunawauliza wanafunzi maswali matatu na kuyaacha ubaoni: Nani alisema kwanza, na lini? Alikuwa na nafasi ya kujua? Tunaweza kuijaribu wenyewe? Halafu tunawapa miaka tu, 1991, 2010, 2012, 2020, wapange wenyewe waone hadithi inavyoanguka. Mtoto akiivunja kwa mikono yake hataisahau, na safari hii atakachokumbuka ni kitu cha kweli. Tulipiga kura jana jioni, tukatoka watatu kwa watatu. Kesho tunakaa tena, na nimeandika haya wayasome kabla hatujakutana. (Mnajijua, someni!)

Kabla sijaondoka, wale wa visiwani msije mkasema sikuwakumbuka. Kwenye Civilization VI ya mwaka 2016 Zanzibar imo, kama dola ya mji mmoja wa biashara. Ukiwa na ushawishi mkubwa kuliko wote kwake unapata mdalasini na karafuu, vitu viwili ambavyo hakuna mahali pengine kwenye ramani utavipata. Hiyo imeandikwa waziwazi kwenye skrini, siyo siri.

Sasa ni zamu yenu. Kwenye bao, drafti, karata au gemu lolote, kuna sheria gani mnayoijua ambayo hamjawahi kuiona imeandikwa? Na nani aliwaambia kwanza? Niandikieni hapo chini. Mimi narudi kwenye msuli, test ni Jumatatu saa mbili asubuhi na Mfecane haijaniingia vizuri. Shaka wa kwenye gemu hatanisaidia.

Alamsiki.